Mafuta ya Nazi Hayaingii Kwenye Mpira wa Upepo

Wanangu, wiki jana kijana wa jirani alinijia na sanduku jekundu la spana, seti nzima, zinang'aa hata paka wangu akasimama kujitazama. Amelinunua kando ya barabara pale Magongo. "Bibi," akaniambia, "hizi ni za maisha." Nikachukua moja, nikaitia kwenye nati ya mguu wa cherehani yangu, nikavuta. Nati haikusogea. Spana ndiyo iliyofunua mdomo, kama mtu aliyesikia umbea. Ni za maisha kweli, ila muuzaji hakumwambia maisha ya nani.

Nikaona heri niandike, kabla hamjazimaliza pesa zenu kwa vitu vya kung'aa.

Mimi nilikuwa mlinzi wa stoo ya vifaa katika karakana moja ya malori hapa Changamwe. Niliingia miaka ya themanini nikiwa msichana, nikatoka miaka ya tisini karakana ilipofungwa. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya dirisha lenye wavu. Fundi akija kutaka kifaa, ananipa kisahani chake cha shaba chenye nambari, mimi nakitundika kwenye msumari, nampa alichotaka. Akirudisha, namrudishia kisahani chake. Ukikaa nyuma ya dirisha lile miaka kadhaa, huna haja ya kupiga ramli. Tabia ya mwanamume utaijua kwa jinsi anavyorudisha bisibisi. Wako waliorudisha safi, imepanguswa. Wako waliorudisha imepinda, wakaapa wallahi waliichukua vile vile. Mmoja alinirudishia mpini peke yake, akataka kisahani chake kizima.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mutua, mkubwa wa stoo, mtu wa bara. Kiswahili chake kilitoka Ukambani kwa miguu, na njiani kikaangusha mizigo. "Zuhura, leta ile nyundo kubwa yake," ndivyo alivyokuwa akisema, nami namjibu, "Yake nani, Mzee?" Naye hakuniachia. "Nyinyi watu wa pwani munapanga maneno muzuri sana," akanijibu siku moja, "lakini angalia vile umepanga spana." Nikatazama rafu. Nikaanza kuzipanga upya.

Mzee Mutua alinifundisha kwamba kifaa hakinunuliwi kwa macho. Nyundo ishike mwisho wa mpini, uitikise karibu na sikio. Ikilia, kichwa kimelegea, na kichwa cha nyundo kilicholegea hakibagui msumari na paji la uso la jirani. Tazama mistari ya mti kwenye mpini: itembee kwa urefu, isikate mshazari, ama utavunjika siku unapouhitaji. Tupa ipitishie ukucha. Ukucha ukiteleza, meno yamekwisha, mrudishie mwenyewe umwambie akakunie muhogo. Plaisi ifumbe, uitazame kwenye mwanga. Ukiona mwanga katikati ya meno yake, hiyo haitashika waya, itaubembeleza tu.

Na kwa matumizi ya nyumbani huhitaji seti ya vitu mia. Nunua vichache, nunua vizuri, hata vikiwa vya mitumba. Cha zamani chenye kutu ya juu juu ni bora kuliko kipya kilichopakwa ung'avu. Kutu utaisugua itoke. Chuma kibovu hata ukikisomea hitima hakigeuki. Kama mfuko ni mwepesi, anza na nyundo, plaisi, bisibisi mbili, msumeno, tupa, na spana za saizi unazozitumia kweli. Ile spana ya kurekebisha mdomo, inayoingia kila nati, nunua pia, lakini usiitegemee kwa nati ngumu, itaiviringisha pembe. Mafundi wana jina lake. Siliandiki hapa kwa kuwa nimeshatawadha.

Adui wenu mkubwa si mwizi, ni chumvi ya hewa. Huko bara mtu husahau nyundo nje, akarudi akakuta nyundo. Hapa kwetu ukiiacha nje Ijumaa, Jumapili imeota ndevu nyekundu. Ukimaliza kazi pangusa kifaa kwa kitambaa chenye oili kidogo. Usikifunge kwenye mfuko wa nailoni, kitatoa jasho humo ndani. Mzee Mutua alikuwa na ndoo ya mchanga mkavu uliochanganywa na oili kuukuu, patasi na bisibisi zinachomekwa humo kama mishumaa. Fundi mmoja akaiona, akapenda, akaenda kujitengenezea yake nyumbani. Baada ya wiki mbili alikuja na patasi zimeliwa, akilalamika kwamba Mzee amemroga. Tukamwuliza mchanga ameutoa wapi. Akasema ameuchota ufukweni, mweupe, mzuri. Tulicheka hata Mzee Mutua akaketi chini.

Sasa nije kwenye vifaa vya upepo, vile vinavyosukumwa na hewa ya kompresa, maana hivi ndivyo mnavyovitamani siku hizi. Kompresa ni kitu kizuri nyumbani: utajaza magurudumu, utapuliza vumbi, utapaka rangi. Lakini jueni mambo mawili. Kwanza, tangi dogo usilitwike kazi kubwa. Spana ya upepo ina ulafi. Ukiifunga kwenye tangi la ukubwa wa sufuria ya pilau, itazunguka mara mbili kisha itahema kama mtu aliyezidisha futari. Pili, tangi hunywa maji. Hewa yetu ina unyevu, na kompresa ikiibana hewa, unyevu ule hugeuka maji yakatuama chini. Ndiyo maana chini ya tangi pana koki. Kila siku ukimaliza kazi, upepo ukiwa umebaki kidogo, ifungue, iteme. Usipoifungua, maji yatafanya moja kati ya mawili: yatalila tangi kwa ndani mpaka lipasuke, au yatakutokea mahali ambapo hukuyaita.

Kwa hili la pili nina ushahidi, na ushahidi wenyewe nusura uniharibie harusi yangu.

Palikuwa na kijana pale karakana, Khamis, fundi seremala wa kuunda bodi za malori. Alikuja dirishani kwangu kuazima randa, akarudi kuazima patasi, kisha akaja kuazima kitu ambacho nilijua anacho mfukoni, maana mpini ulikuwa umechungulia nje. Nikampa kingine, nikatundika kisahani, nikanyamaza. Nanyi mngenyamaza.

Khamis akaleta posa. Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la shangazi yangu, Bi Rukia, dada yake baba, mama mlezi wa mtaa mzima. Shangazi hakunipendea kazi yangu hata siku moja. Kila jioni nikiingia alininusa, akasema, "Lo! Mwari gani anuka lori?" Na Khamis hakumpenda pia. Alikuwa na mtu wake, binamu yangu wa Kisauni, mwenye duka la magodoro, mwenyewe laini kama bidhaa yake.

Basi Shangazi akatoa sharti. Kwetu kitanda cha harusi hutoka kwa mume, na kabla hakijahamishwa, wanawake wa upande wa mke huenda kukikagua. Kwa wengi ni vigelegele tu na soda. Shangazi akaigeuza mtihani. "Huyu ni fundi wa mbao, sivyo?" akamwambia mshenga. "Basi na atuundie samadari kwa mikono yake. Nikikiona chanipendeza, harusi ipo. Kisiponipendeza, mwanangu halali juu ya maneno. Binamuye yuko."

Samadari ni kile kitanda chetu cha kifahari, chenye nguzo za kukerezwa na pambo kichwani. Khamis aliunda kwa mbao za mvule. Na kwa mbao simsemi: viungo vyake havikupitisha hata wembe. Shida ilikuja kwenye vanishi. Kazini kulikuwa na wapaka rangi, yeye hakuwahi kugusa. Lakini alitaka kitanda king'ae kama gari jipya, akanunua kompresa ndogo ya mtumba na bomba la kupulizia rangi, akaviweka uani kwa mama yake, Chaani.

Mimi wakati huo nilikuwa nimefungiwa ndani. Bibi harusi kwetu hatoki: husingwa, hupakwa liwa, hutiwa hina mikononi na miguuni, akalainishwa kama chapati. Buibui langu Shangazi alilifungia kabatini. Ukaguzi ulikuwa siku hiyo baada ya alasiri. Asubuhi akaja Tatu, dada yake Khamis, na sahani ya mahamri. Aliposalimia wote akanisogelea sikioni.

"Zuhura, kitanda chaota choa."

"Choa gani?"

"Madoa meupe. Na vishimo vishimo kama uso wenye ndui. Na tena..." akatazama mlangoni, "sisimizi wakikwea."

Nilimpenda Khamis, wanangu, sioni haya kusema. Nilimpenda tangu ile patasi aliyoirudisha imenolewa, kali kuliko alivyoichukua. Nikaliona duka la magodoro limefunguka mbele yangu kama kaburi.

"Ametia mafuta gani?" nikamwuliza Tatu.

"Sijui. Lakini ua wote wanuka kama wali wa nazi."

Shangazi alikuwa jikoni akisimamia watu wa biriani. Kwenye msumari wa ukumbini limetundikwa buibui lake la kutokea. Nililivaa, nikajifunika uso, nikaingiza mikono ndani kwa sababu ya hina iliyokuwa bado mbichi, nikavaa ndara zake zilizonizidi, nikamwambia Tatu atangulie. Mtaani kwetu hakuna mtu anayemsimamisha Bi Rukia. Nilipita baraza nzima ya wazee, wakaniamkia kwa heshima, nami nikawaitikia kwa kichwa.

Uani Chaani nikamkuta Khamis ameinama na kitambaa, anawapangusa sisimizi mmoja mmoja. Akaliona buibui, akalitambua, kitambaa kikamdondoka.

"Shi... shikamoo, Shangazi."

"Marahaba," nikajibu kwa sauti nzito, nikamwacha atetemeke kidogo. Nafasi ya kumpata mchumba wako katika hali ile haiji mara mbili. Kisha nikajifunua.

"Zuhura! Wataka kuniua?"

"Wataka kujiua mwenyewe. Koki ya hili tangi umeifungua lini?"

Akanitazama. "Lafunguliwa?"

Nikainama, nikaizungusha ile koki. Tangi likapiga kelele, likatapika maji mekundu ya kutu mpaka yakafika mlango wa jiko. Yale ndiyo aliyokuwa akiyapulizia kitanda pamoja na vanishi, ndipo vanishi ikapauka. Nikaufungua mpira wa upepo utokao tangini, nikaunusa.

"Na haya mafuta ya nazi?"

"Si wewe wasema kila asubuhi pale dirishani?" akasema kwa uchungu. "Kila anayechukua kifaa cha upepo wamwambia: matone machache ya mafuta kabla ya kufunga mpira."

"Nawaambia wanaochukua spana ya upepo! Spana ina vyuma vinavyozunguka ndani, vyataka kulainishwa. Bomba la rangi lina nini cha kulainishwa? Na nasema mafuta ya mashine, Khamis."

"Ya mashine hayakuwepo. Ya mama yalikuwepo."

Sikuweza kumlaumu sana. Hapa kwetu mafuta ya nazi ni dawa ya nywele, ya ngozi, ya bawaba ya mlango na ya mtoto anayelia. Lakini yashikeni haya: mafuta ya nazi katika kifaa cha upepo huganda siku za baridi ya kusi, huvunda siku za joto, na huita kila mdudu na panya wa mtaa. Na bomba la rangi halitaki mafuta ya aina yoyote njiani. Tone moja tu likipita, vanishi hulikimbia, ndipo vishimo vinapotokea.

Tulikuwa na muda mfupi. Nikamwambia aiweke kompresa kando, leo hatuitaki kabisa. Tukakiosha kitanda kwa thina ya kuyeyushia rangi, vitambaa viwili: cha kwanza cha kuondoa, cha pili cha kukausha, maana ukirudia kitambaa kile kile unahamisha mafuta tu. Kisha msasa, wa kukwaruza kwanza, laini baadaye, siku zote kwa kufuata mistari ya mti. Vanishi tungeipaka mwishowe kwa kitambaa, kwa mkono, kama walivyofanya wazee kabla upepo haujatiwa kwenye mapipa. Khamis akasugua nguzo, mimi nikasugua kichwani. Hina yangu ikaanza kuondoka. Nilikuwa nimekipanda kitanda, nimepiga magoti, nimefunga buibui kiunoni, vumbi la mvule mpaka kwenye kope, niliposikia vigelegele uchochoroni.

Walikuja mapema. Mlango wa ua ukafunguka, na aliyetangulia ni Shangazi, amevaa buibui la kuazima lililokuwa fupi kwake.

Vigelegele vikakatika. Mimi nikajifunika uso haraka, nikageukia ukutani. Kitanda kilikuwa hakina hata tone la vanishi. Kilikuwa mbao tupu, zenye vumbi.

Shangazi alikitazama kitanda. Akamtazama Khamis, ambaye alikuwa amesahau hata kuamkia. Kisha akaja akasimama nyuma yangu, nikaziona ndara zangu, yaani zake, zinaangaliwa.

"Buibui langu hili," akasema polepole, "laenda matembezi bila mimi?"

Nilikuwa nahesabu magodoro.

Akawageukia wale wanawake, akapaza sauti. "Nyinyi nanyi! Kitanda ki uchi, hakijavaa, nanyi mwakikodolea mato? Hamna haya? Tokeni nje mpaka tuwaite!" Wakatoka wakisukumana, wengine wakicheka kwenye leso. Tatu akafunga mlango.

"Jifunue," Shangazi akaniambia. Nikajifunua. "Leta mikono." Nikampa. Akaitazama ile hina, imesagika, imebaki kwenye vidole viwili. Nilidhani atanipiga. Akamgeukia Khamis.

"Nani aliyekiharibu?"

"Mimi, Shangazi," akasema Khamis. "Nilitia mafuta pasipotiwa, na maji sikuyamwaga. Sikujua."

"Na nani akutengenezea?"

"Huyu."

"Na wewe mwanamume mzima, fundi, waambiwa na mwanamke sugua hapa, sugua pale, wasugua?"

Khamis akamwangalia kama mtu aliyeulizwa kama jua lina joto. "Yeye ajua, Shangazi. Mimi sijui. Nisugue vipi bila kuambiwa?"

Nje wale wanawake, najua, walikuwa wamebandika masikio kwenye mlango.

"Marehemu mume wangu," Shangazi akasema, na sauti yake sikuwahi kuisikia namna ile, "aliezeka paa la jikoni kinyume. Nilimwambia siku ile ile. Hakukubali. Nimepika na mwavuli mpaka alipokufa, na mpaka alipokufa asema mvua ndiyo mbaya." Akavuta pumzi. "Huyu aambilika. Binamu yako nilimwambia juzi godoro lake lina kunguni, akaninunia wiki."

Akalivua lile buibui fupi, akalitundika kwenye ile kompresa. Akakunja mikono ya dera lake, akaokota kipande cha msasa, akakigeuza huku na huku bila kujua upande upi ni upi.

"Haya," akaniambia. "Nami niambie. Nisugue wapi?"

Harusi ilisogezwa mbele mpaka vanishi ikakauka na hina ikarudiwa. Watu waliambiwa ni kwa ajili ya wageni wa mbali. Kitanda kile ndicho ninachokilalia hadi leo, na kila mtu akikiona hukisifu. Lakini kichwani, upande wa kushoto, ukipapasa kwa nyuma, utakuta mahali pana mikwaruzo, msasa ulikwenda kinyume cha mti. Hapo ndipo aliposugua Shangazi. Baada ya yeye kufariki Khamis alitaka kupalainisha, akaja na kipande cha msasa mkononi. Nilimwambia akirudishe alikokitoa.